Mzee Mtutu, Aliyewachagulia Wengine Bunduki

Usiku wa tarehe 3 Machi 1951 ulisikika mlio mmoja wa bunduki ng'ambo ya mto, na wanaume wakiwa bado wanabishana ni mnyama gani aliyeangushwa, marehemu akazaliwa chumba cha nyuma, wa kwanza kati ya watoto wawili wa mwindaji na wa mama huyu aliyeketi mbele yetu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, akaingia duka la bunduki la mjomba wake, chumba kimoja chenye nondo dirishani, milango miwili ya chuma na harufu ya mafuta ya kusafishia mitutu, na humo akapata jina la Mzee Mtutu. Hakumkabidhi mteja bunduki kabla ya kumhoji anafuata mnyama gani, atampigia umbali gani, na kama ni nyasi, mlima au vichaka. Mteja wa swala wa uwandani alimpa mtutu mrefu, darubini na risasi nyepesi yenye kasi, wa nyati wa vichakani alimpa bunduki fupi isiyo na darubini, na risasi nzito ya kupenya mfupa. Wateja walimtania, "Mzee, nimekuja kununua bunduki, sikuja kuposa!"

Tarehe 11 Agosti 1979 mdogo wake alipata kibali cha kuwinda swala, na marehemu akamchagulia bunduki ya uwandani, akimfikiria mnyama wa kwenye kibali, asikifikirie kichaka kilichokuwa kati ya kambi na uwanda. Humo nyati alimtokea karibu mno, darubini haikuonyesha kitu ila weusi, na kijana akaletwa nyumbani amebebwa. Mama akamgeukia kaka mtu mbele ya jeneza, akamwambia, "Usikanyage tena porini, na jina la mwanangu lisitoke kinywani mwako," na hata yeye mwenyewe hakulitamka tena.

Tangu hapo marehemu aliishi kati ya kaunta na ukuta, milima akiijua kwa masimulizi ya waliotoka huko, na kwa kila mteja akaongeza swali moja, "Na njiani utapita wapi?" Tarehe 5 Juni 1982 alifunga ndoa na karani wa posta, wakajaliwa binti mmoja. Marafiki walipomwita kambini alicheka tu, "Sasa funguo atashika nani?" kisha akageukia nondo zake.

Mwaka 2019 mapafu yalianza kumsumbua. Wiki ya mwisho wodini alimwomba mama, "Nifungulie, nimtaje hata mara moja," mama akamfunika miguu, na alfajiri ya tarehe 20 Januari 2021 marehemu akafariki akiwa bado anangoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliolala nasi msibani, na wenzake wa dukani waliofunga milango leo. Maneno ya kumuaga tulikuwa tumeyaandika, lakini asubuhi hii mama ameyakataa, akatupa yake, nasi tunayasoma kama alivyoyasema: "Mwanangu, nimechelewa kukufungulia. Pumzika kwa amani, na ukifika huko nisalimie mdogo wako, nisalimie Kicheko."