Ratchani Anashusha Mkono

Baada ya miaka thelathini na minne ya kutuamrisha, nesi Ratchani Suwanmani anastaafu tarehe 30 Septemba. Madaktari wamekwepa kuandika, wakaniachia mimi msukuma vitanda, niliyeishia darasa la nne. Mkikuta makosa, laumuni waoga hao.

Ratchani alianzia wodi ya wazazi, akahamia mifupa, kisha akapelekwa kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo. Huko walitafutwa wazee wa mkoa wetu wa Songkhla wenye huzuni ndogo: ile isiyomlaza mtu kitandani, ila inamfanya aache uji nusu bakuli na kusema ni uzee tu. Madaktari walitaka kujua kama bongo zao zimesinyaa mahali fulani. Ubongo wangu hawakuuomba, nadhani waliogopa kazi ya kuutafuta.

Chuma hakiingii humo, kwa hiyo hirizi za shingoni lazima zivuliwe. Kwetu hirizi ni kitu kitakatifu: hukaa juu kuliko kichwa, kamwe si karibu na miguu. Fundi wetu wa mashine, msomi mzima, akazitengea nafasi kwenye kabati la viatu!

Akaja Babu Chaliao, mfuga njiwa wa mashindano ya kuimba. Tangu afiwe na mkewe, hakuwa ametundika tundu hata moja uani. Binti yake alimbembeleza miezi mizima ndipo akakubali kuja. Alipoona hirizi yake inalazwa kando ya malapa, akaipokonya na kugeukia mlango.

"Mwanangu, twende zetu. Hawa watu hawana adabu!"

Sote tulijua akitoka harudi tena. Ratchani akaiomba ile hirizi kwa mikono miwili, akaiinua juu ya kichwa.

"Babu, itakaa hapa mpaka utoke."

"Na ufupi huo? Hapo ni juu kwa nani?"

Ratchani akapanda kigoda. Alisimama hivyo muda wote mashine ikigonga, nami nikimuuliza kama anapaka dari rangi.

Babu alipotoka na kumkuta bado kainua mkono, alicheka mpaka machozi. Kisha machozi yakabaki bila kicheko, akamsimulia jinsi nyumba ilivyo kimya. Picha ilionyesha ubongo umesinyaa kidogo, lakini daktari alisema picha peke yake haisemi kama mtu ana huzuni. Ni yale mazungumzo yaliyomfikisha kwenye matibabu. Sasa njiwa wake wanaimba tena, wanashindwa kila Jumapili, na Babu anawatukana waamuzi kwa afya njema kabisa.

Ratchani, asante. Huko nyumbani ukianza kutujibu "sijambo" kwa sauti ya paka aliyelowa, hatutakuamini. Tutakuja wote, na kelele zetu, na sufuria ya mchuzi wa samaki. Nenda ukaishi kwa raha, ila mlango usiutie komeo.