Kipimo Amepakwa Rangi

Benchi ni langu, lipo mbele ya kibanda changu cha kunyolea, lakini wanaolikalia ni watu wasiotaka kunyolewa. Ni wenzangu wa lugha moja huku ugenini: Redio, mlinzi wa ghala, anayejua kila jambo kabla hajaulizwa, na Injinia, fundi bomba. Kahawa yangu, vikombe vyangu, kelele zao. Leo asubuhi nilikuwa nimemshikia mteja wembe shingoni, mara Redio akapiga ukelele, "Mama yangu!" Nikamwacha mteja na povu lake, nikatoka. Kipimo, fundi cherehani, alikuwa anakuja mbio. Nywele za pinki, masikio ya kijani, shati lake jeupe sijui niseme lina rangi gani. Na anacheka mpaka magego yanaonekana.

Kipimo: Holi, jamani! Nimechezeshwa Holi!

Redio: Umepigwa?

Kipimo: Nimepakwa! Ile sikukuu ya Wahindu ya kuiaga baridi. Nashuka ngazi, sina hili wala lile, ua mzima umejaa watu. Ndoo ya maji hiyo, mwaa! Unga wa rangi huo, puu! Ngoma zinalia, watu wazima wanakimbizana. Yule karani wa posta asiyeitikia salamu, kalowa chapachapa, anacheka peke yake!

Mimi: Usiegemee ukuta wangu. Nimeupaka chokaa juzi.

Kipimo: Sikilizeni basi. Mama mwenye nyumba mwenyewe...

Injinia: Yule anayekugombeza ukipanda ngazi na viatu?

Kipimo: Huyo huyo! Kanifuata na sahani ya rangi. Kanipaka shavu hili, kanipaka na hili, kanikumbatia, kaniita mwanangu! Miaka mitatu naitwa "yule wa chumba cha juu". Sasa niambieni ukweli. Ndiyo nimeshakuwa mtu wa pale? Au ni raha ya sikukuu tu, kesho narudi kuwa wa chumba cha juu?

Hapo mwisho kicheko kilikuwa kimemwisha. Hata mimi nilimmiminia kahawa bila kununa.

Redio: Rangi gani ilitangulia?

Kipimo: Nyekundu.

Redio: Basi umeoa.

Kipimo: Nimeoa nani?

Redio: Utaambiwa. Ana mabinti?

Kipimo: Wawili, na wote wana waume zao! Hao waume ndio walionimwagia ndoo!

Redio: Wivu huo.

Injinia: Acha uzushi. Kazini kwetu bomba likishatiwa rangi halihamishwi, ni mali ya jengo. Kipimo, wewe pale huhami tena.

Kipimo: Hata nikitaka?

Injinia: Utatakaje, na umeshatiwa rangi?

Redio: Enhe! Na mwenye kukaa milele ndiye mrithi. Nyekundu ndoa, kijani shamba, manjano dhahabu. Huyu karithishwa mchana kweupe! Mheshimiwa, sogea nikufutie benchi.

Kipimo: Lakini hata paka wa jirani alikuwa wa zambarau.

Redio: Mtagawana.

Tukacheka mpaka mteja wangu akatoka na povu lake kuuliza kuna nini. Ndipo akafika muuguzi wa zahanati ya mtaa wa pili. Hapa kijiweni hajawahi kukaa. Alikuwa anafuata sare yake kwa Kipimo, kakuta pamefungwa, kaelekezwa kwetu. Injinia akamsimulia yote, na urithi juu. Dada wa watu akasikiliza, akamgeukia Kipimo.

Muuguzi: Na wewe, kaka, ulimpaka nani?

Kipimo: Mimi? Mimi ni mpangaji, dada. Nilisimama wima, mikono nyuma, nikasema asante, nikaondoka kwa adabu.

Muuguzi: Wenzio wote wanapakana, wewe umesimama tu?

Redio akainama kumtazama Kipimo mikono. Injinia naye akasogea. Kipimo akakunjua viganja, akavitazama. Mwili mzima ulikuwa rangi tupu, viganja safi kabisa.

Kipimo: Sahani alinisogezea. Akaishika hivi, mbele yangu, akasubiri. Nikadhani ananionyesha tu.

Akaiweka kahawa chini, nusu, akatoka mbio kurudi alikotoka, na kandambili moja ikabaki barabarani. Alipofika konani tukamsikia akipaza sauti:

— Dada, sare njoo kesho! Leo niko kwa mama!