Shangazi wa Ubao wa Abiria Ashuka Melini

Ijumaa tarehe 30 Agosti, baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya utumishi, Msimamizi wetu wa Abiria atashuka ngazi ya meli na begi lake mwenyewe mkononi. Hatarudi juu kuangalia nani amesahau darubini kitandani. Sote humwita Shangazi, kuanzia injinia hadi mwenye kampuni, na wageni nao hulidaka jina hilo kabla hata ya chakula cha kwanza.

Aliajiriwa kufua mashuka. Meli yetu ni ndogo, ina vyumba kumi na viwili vya abiria ishirini na wanne, na wakati ule mashine ya kufulia ilikuwa mikono yake. Maji aliyaogopa hasa. Alijifunza kuogelea akiwa na miaka arobaini na minane, kwenye maji ya kiunoni, huku wapishi wote wakimshangilia kutoka sitahani. Cheti alichopewa na injinia, chenye muhuri uliopigwa kwa kitako cha kopo la grisi, bado kiko ukutani kwake.

Safari zetu ni siku mbili ziwani na siku sita za kupanda mto, na kila siku wageni hushushwa kwa boti za mpira wakatembee nchi kavu. Wanarudi na matope. Shangazi huwangoja juu ya ngazi na ndoo na brashi, na hapiti mtu. Mwenye kampuni alipokuja kukagua, alijaribu kupenya akidai ana haraka. Aliosha viatu vyake mwenyewe, kisha akaambiwa arudie kisigino cha kushoto. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza kama mamba wa huku wanauma, Shangazi akamjibu kwa upole kwamba bado hajapokea malalamiko.

Lakini kazi yake kubwa ni ubao wa abiria. Kila mgeni ana kibao chenye namba. Akishuka anakigeuza kiwe chekundu, akirudi anakigeuza kiwe cheupe. Vikiwa vyote vyeupe, Shangazi anatia sahihi daftarini na meli inang'oa nanga. Wageni wapya hushangaa kwamba yeye hamalizii hapo. Huzunguka meli nzima na kumtazama kila mmoja usoni, hata aliye bafuni hugongewa mlango aitike. Wengi hapa kazini wanadhani alizaliwa na tabia hiyo. Mimi najua ilikoanzia, na ninaona aibu kwamba naisema leo ndipo.

Miaka kumi na saba iliyopita tulitia nanga karibu na kisiwa cha mchanga katikati ya mto. Mawingu yalikuwa yanakuja na mimi, nahodha msaidizi wakati huo, nilitaka tuondoke upesi. Kibao kimoja kilikuwa bado chekundu. Nusu ya wageni husahau kugeuza vibao vyao, basi nikakigeuza mimi na kumwambia Shangazi kwamba wametimia. Aliniamini, akatia sahihi.

Baada ya dakika arobaini tuliona kiti kimoja kitupu mezani. Tuligeuza meli roho mkononi. Tulimkuta mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu ameketi juu ya mkoba wake, mzima wa afya, amekasirika kwa sababu boti yetu ilimfukuzia ndege aliyekuwa akimchora.

Kampuni ilipouliza, Shangazi alisema tu kwamba sahihi ni yake. Alipewa barua ya onyo, na cheo cha usimamizi kikampita kwa miaka sita. Mimi nilikuwa nakaribia mtihani wa unahodha, nikafyata mkia. Nilifaulu. Nimekuwa nahodha wake tangu hapo, na hakuna siku aliyonikumbusha, wala aliyonipunguzia chai.

Sikuweza kumwacha aondoke na doa langu kwenye jalada lake. Wiki iliyopita nilikwenda ofisini nikaandika yote, na ile barua imeondolewa. Nilimpelekea Shangazi nakala ya maelezo yangu katika chumba cha mashuka. Alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akaikunja ukingo kwa ukingo kama anavyokunja foronya, kisha akaniambia, "Ile barua ya onyo niliisahau zamani, mwanangu. Nilikuwa nakungoja wewe tu useme."

Shangazi, nimesema, mbele ya wenzetu wote. Nisamehe. Asante kwa kila uso uliouhesabu na kila mtu uliyemrudisha salama. Mabaharia wote kumi na mmoja tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na king'ora, na miaka mingi ya kuishi upendavyo. Unaondoka na jina safi, na halikuwahi kuwa chafu hata siku moja.