Mzee Futi na Kisiwa Kisichotulia

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kupima ardhi ya kisiwa chetu, Mzee Futi, mkuu wa ofisi ya viwanja, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Hadi hapo kila kitu kinaeleweka. Wenzangu wa ofisini waliponiomba niandike yaliyobaki, ndipo kichwa kilipoanza kuniuma.

Kisiwa chetu ni mchanga mtupu uliokaa juu ya mwamba, na hakijui kutulia. Bahari inamega upande wa mashariki na kurundika mchanga upande wa magharibi, polepole, mwaka hadi mwaka. Wazee waliofika kwanza walichimba kisima katikati ya kisiwa. Leo kisima hicho kiko baharini, na maji yakipwa utauona ukingo wake wa mawe. Barabara ya Kati iko ufukweni. Shule ya Mashariki imehamishwa mara mbili na sasa iko magharibi, lakini kibao ni kilekile. Wageni wakituuliza njia, tunaona afadhali tuwasindikize.

Mzee Futi aliajiriwa akiwa kijana mwembamba mwenye futikamba begani, na jina la utani likampata wiki ya kwanza. Ramani yake ya kwanza ilimchukua mwaka mzima, na wino ulipokauka, kona moja ya kisiwa ilikuwa imeshamegwa. Alicheka, akaanza nyingine. Yeye ndiye aliyemaliza ugomvi wa mchanga mpya, ambao zamani ulikuwa mali ya aliyewahi kuchomeka mti. Aliweka utaratibu mmoja: anayepoteza kiwanja mashariki hupewa kingine magharibi, kwa zamu, na mfanyakazi wa ofisi ya viwanja huwa wa mwisho. "Mpishi akijipakulia kwanza," alizoea kusema, "nani ataamini chungu?" Mama yangu ni mmoja wa waliopewa. Nyumba yetu ilipoanguka, mimi nikiwa shule ya msingi, mzee alikuja kutupimia siku hiyohiyo, mvua ikinyesha, akiwa amevaa kiatu kimoja. Cha pili kilikwenda wapi, hata yeye hajui.

Sasa lipo jambo lisiloniingia akilini. Kiwanja alichojinunulia ujanani, ili ajenge akistaafu, kilikuwa mashariki. Tangu mwaka jana wanakaa samaki hapo. Nyumba ya serikali anayoishi na mkewe lazima airudishe Ijumaa. Mwezi uliopita mchanga mpya ulitosha kiwanja kimoja, zamu ikamfikia, tukapiga makofi. Wiki hiyohiyo nyumba ya mjane mmoja, fundi cherehani, ikaingia majini, naye Mzee Futi akampimia mjane kiwanja kile. Tulimuuliza kwa nini. Alisema utaratibu ni utaratibu, akaomba chai. Mkewe alicheka, kisha akalia, kisha akasema, "Huyu mume wangu amewapa watu wote pa kulala isipokuwa mimi."

Kwa hiyo Jumamosi wanapanda boti kwenda bara, kwa binti yao. Nasi tulikuwa tumeshamnunulia zawadi, kitanda kipana cha mbao, kikawa kimeziba mlango wa ofisi kwa kuwa hatukujua tukipeleke wapi. Sijui nimkasirikie mzee huyu au nimvulie kofia. Naona nafanya yote mawili, tena kwa wakati mmoja.

Juzi mama yangu alimfuata ofisini, akamwambia nyumba yetu ina vyumba viwili asivyolala mtu, na uwanja nyuma unatosha kujenga. Mzee Futi alishukuru sana, akakataa kwa utani: "Mgeni siku mbili, dada yangu, ya tatu mpe jembe." Mama aliondoka, nikadhani yameisha.

Mzee wetu, ofisi nzima inakushukuru kwa kila kigingi ulichopigilia, na inakuombea uzee wa afya, kicheko na usingizi mzito. Kuhusu safari ya Jumamosi, mimi bado sielewi lolote, ila ni vizuri upate taarifa mapema. Jana tulikibeba kile kitanda, watu sita, tukakiingiza katika chumba kimoja cha nyumbani kwetu kwa taabu kubwa, na hakitoki tena bila kubomoa ukuta. Na mama ameshanunua jembe.