Fundi Aliyekataa Pikipiki Iliyopoa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni. Punguza moto jikoni, na huyo anayepiga soga hapo pembeni mwambie anipishe kidogo. Leo nimejaa. Nimejaa mpaka hapa kooni. Tangu juzi nashinda kwa wafiwa, na nimerudi na maneno mengi kuliko muda niliopewa.

Leo tunamkumbuka fundi pikipiki. Mtaa mzima ulimwita Leta-Moto. Wateja walimwita Leta-Moto, watoto walimwita Leta-Moto, na hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyo hivyo.

Leta-Moto amefariki. Amefia kazini, ndani ya karakana yake, mchana, mvua ikinyesha. Narudia kwa wewe uliyewasha redio sasa hivi: fundi Leta-Moto amefariki, ndani ya karakana yake, mchana, mvua ikinyesha. Na pikipiki aliyokuwa akiitengeneza ilikuwa imepona. Hilo nitalifikia. Jamani, naliogopa kulifikia.

Jina lilitoka wapi? Mlangoni kwake aliandika kwa rangi nyekundu: PIKIPIKI ILIYOPOA SIIPOKEI. Basi. Ukija asubuhi na pikipiki yako imelala usiku kucha, anakurudisha. Ilete ikiwa moto!

Mteja mmoja alimfokea, "Fundi, nimekuja kutengenezewa, sikuja kufanya mazoezi!"

Akamjibu, "Mazoezi ni ya pikipiki, bwana. Wewe kaa tu juu yake. Panda kilima, shuka, ikitoa jasho njoo."

Sababu yake ilikuwa hii. Kuna ugonjwa wa pikipiki unaojificha kwenye baridi. Asubuhi inawaka vizuri, inanguruma vizuri, haina neno. Ukishaiendesha ikachemka, ukaizima kidogo, ukaiwasha tena, hapo ndipo inaanza. Inawaka, inatetemeka, ukiachia mafuta inakohoa, inazima. "Mgonjwa wa homa ukimpima homa imeshuka, utaona nini?" Ndivyo alivyokuwa akisema. Alisema kila siku, mpaka watu wakawa wanamalizia wao.

Nilimuuliza mjane, mama, mlikutanaje? Akasema, "Alipokuja kuniposa, baba alimuuliza, kijana, kazi yako nini? Akajibu, nasikiliza, mzee. Baba akadhani ni mtu wa redio!" Mimi nikacheka. Chuoni tulifundishwa mtangazaji hacheki msibani, lakini nilicheka, na mjane akacheka, akanishika mkono tukacheka wote. Halafu akalia, na mkono hakuuachia.

Sasa anaingia mkunga. Huyu ni mama mtu mzima, anazalisha wanawake majumbani huko milimani ambako gari halifiki na simu haishiki. Anakwenda kwa pikipiki. Na pikipiki yake ilikuwa na ugonjwa huo huo. Anafika kwa mzazi, anaizima, anafanya kazi yake, anatoka, anaiwasha. Inakohoa. Inazima. Mafundi walikuwa wameshabadilisha plagi. Wameshaosha kabureta. Wameshabadilisha koili. Na kila mmoja aliijaribu asubuhi, imepoa, akamwambia, "Mama, pikipiki yako nzima kabisa."

Akaenda kwa Leta-Moto. Leta-Moto hakushika hata spana. Alivaa kofia ngumu, akapanda nyuma ya mkunga, mfuko wa vifaa mapajani, wakaondoka. Weee! Mtaa ulicheka. Mmoja akapaza sauti, "Mkunga, huyo naye miezi mingapi?"

Walizunguka mchana kutwa. Mkunga akiingia ndani, fundi anakaa nje anaiangalia pikipiki. Nyumba ya mwisho, mkunga alitoka, akaiwasha. Ikashika. Ikatetemeka kama mbuzi aliyelowa. Ikakohoa, ikafa. Leta-Moto alikuwa amechuchumaa, kiganja kwenye bomba la moshi, sikio ubavuni mwa injini. Akainuka anacheka.

"Nimeupata. Iko kimya mno."

Mkunga alinisimulia mwenyewe, maneno yenyewe hasa. Alimjibu, "Kimya ni ubaya? Mimi ndiye niliyeomba. Ilikuwa inapiga tiki-tiki-tiki, inaamsha vichanga. Fundi mmoja akanikazia tapeti, ikatulia."

"Mkunga, mtoto akitoka tumboni kimya, unampongeza?"

"Namchapa makalio alie!"

"Basi na mimi ndivyo."

Nieleze kidogo, msichoke. Injini ina valvu. Hizo ni milango yake: mmoja unaingiza hewa na mafuta, mwingine unatoa moshi. Tapeti ndiyo inayousukuma mlango ufunguke, na lazima pabaki upenyo mwembamba kama wembe. Upenyo ule ndio unaopiga tiki-tiki. Wateja hatupendi tiki-tiki, tunaona pikipiki mbovu. Fundi anakaza kutufurahisha. Upenyo unaisha, kelele inaisha. Lakini chuma kikichemka kinatanuka. Mlango haufungi vizuri. Injini inakosa pumzi. Ikipoa, kila kitu kinarudi mahali pake, na fundi anakwambia nzima kabisa.

Mkunga akamwambia neno moja zito. Ng'ambo ya kilima kulikuwa na mama mwenye mimba ya mapacha, wakati wowote. "Mambo yakiharibika kule, mimi ndiye simu. Nishuke nikaite gari la wagonjwa. Sasa nikitoka ndani pikipiki ikagoma?"

Leta-Moto akasema, "Kesho utaichukua. Ila siitoi mpaka niifanyie kama unavyoifanyia wewe. Niichemshe, niizime, ningoje, niiwashe. Ikikohoa hata mara moja, haitoki."

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa imepoa, kwa sababu tapeti hupimwa injini ikiwa imepoa, alizilegeza akaacha upenyo wake. Tiki-tiki ikarudi. Kilichobaki kilikuwa kuijaribu ikiwa moto.

Ndipo ikaja mvua. Mvua ya upepo, ile inayokuja kiubavu.

Siku zote alichemshia nje, mbele ya karakana. Siku ile, maji yangeipiga injini ingepoa, na ikipoa jaribio limeharibika. Akaivuta ndani. Karakana ni chumba kimoja. Dirisha alilijengea matofali baada ya kuibiwa vifaa. Mlango ni mmoja tu, wa bati.

Jirani yake ni fundi cherehani. Walikuwa watani. Fundi huyo alikuwa akigonga ukuta, "We bwana, wateja wangu wananiambia kiuno, nasikia kilo!" Siku ile pia aligonga. Nilimkuta kwake amekaa, cherehani imefunikwa kitambaa. Akaniambia, "Niligonga. Nikasikia mlango wa bati unavutwa, unafungwa. Nikamwambia ahsante, jirani. Akasema, usijali. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, binti yangu. Ahsante, na usijali."

Alisikia injini inawaka. Inazima. Kimya. Inawaka tena, inazima, kimya. Halafu ikawaka, na haikuzima. "Nikajua imepona. Nikasema, leo mzee ataringa!"

Mke alikuja na chakula, mwavuli begani. Alisukuma mlango. Alimkuta mumewe amekaa kwenye kigoda chake, mgongo ukutani, kichwa kimeinama upande wa injini, vile vile alivyokaa siku zote akisikiliza. Akamwita, "Leta-Moto, chakula." Akamwita tena.

Pikipiki ilikuwa inanguruma. Haikohoi. Haitetemeki. Haizimi.

Wasikilizaji wapendwa, katika moshi wa injini kuna hewa ya sumu. Haina rangi. Haina harufu. Narudia: haina rangi, haina harufu. Katika chumba kilichofungwa inakulegeza kama usingizi, na hujui kama unaondoka.

Walimtoa nje kwenye mvua. Mkunga aliitwa, akaja kwa miguu, mbio, nguo zimemganda mwilini. Alipiga magoti kwenye tope akampulizia pumzi, akimkandamiza kifua, akimpulizia tena. Mke wa marehemu aliniambia, "Alimpiga makofi, mwanangu. Kama kichanga. Anamwambia lia, lia basi. Hakulia."

Na ndani, jamani, pikipiki bado inanguruma. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Mwishowe mjane mwenyewe ndiye aliyeingia, akajifunga khanga puani, akageuza ufunguo. Aliniambia, "Alijua kila injini inapumulia wapi. Chumba chake hakukiuliza."

Nilitaka kuishia hapo. Lakini mtauliza habari za mama wa mapacha, najua, hata mimi niliuliza.

Uchungu ulimshika siku ya mazishi. Mkunga alitoka makaburini na udongo miguuni, akapanda pikipiki ile. Mambo kule yaliharibika. Akatoka ndani, injini bado moto. Anasema aliogopa kugusa ufunguo. Akaugeuza. Ikashika. Tiki-tiki-tiki, mpaka bondeni, na gari la wagonjwa likapandisha hadi lilipoweza. Mama yu hai. Pacha mmoja yu hai. Mwingine alitoka kimya, na kuchapwa hakukusaidia.

Nilipokuwa pale kwa fundi cherehani, mkunga alipita akienda kumpa pole mjane. Alisimamisha pikipiki mbele ya karakana, akanyoosha mkono azime. Fundi cherehani akainuka, yule yule aliyekuwa akigonga ukuta.

"Mkunga, tafadhali. Usizime kwanza."

Tukasimama watatu kwenye jua, tunaisikiliza.

Kwako mama mjane, uliyenipa kigoda na ukanipa na kicheko chako, pole. Kwa watoto wake, poleni. Kwa mkunga, pole mara mbili. Kwako fundi cherehani, mjane amenituma, na nilimwahidi nitalisema hewani mtaa wote usikie: hakudai wewe neno kwa mlango ule. Anasema ukae naye kwenye arobaini, upande wa ndugu. Mungu amlaze fundi wetu mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza sasa hivi karakanani, mvua inapiga bati, injini inanguruma, mlango umeurudisha kidogo tu usisumbue jirani. Jirani atavumilia. Mvua italowesha, itakauka. Inuka ukafungue. Usiseme kipindi kiishe kwanza. Nenda, sisi tunakungoja hapa hapa.