Kikomo cha Bi. Warda

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Warda Swalehe Mbonde anakabidhi funguo za karakana ya silaha baada ya miaka ishirini na saba na miezi minane ya utumishi. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye nitakayezipokea. Tangu nipewe habari hiyo nasimama, nakaa, nasimama tena, hata mke wangu kaniuliza kama nimeposa mahali.

Bi. Warda alizaliwa Umwe, akaajiriwa na Kampuni ya utalii ya Tandala Mto hapa Kibiti Machi 1998 kama karani wa stoo. Kazi ya silaha aliipata kwa sababu ya sukari. Mwanzilishi wetu, marehemu Mzee Mohamedhussein, alimkuta akipima sukari ya chai ya wafanyakazi, kila kikombe anakisawazisha kwa mgongo wa kisu. Mzee akasema huyu ndiye wa kushika baruti. Wengine wetu, tuliotia sukari kwa kumimina, tukabaki na mafagio.

Kwa mliojiunga juzi: waongozaji wetu wa watalii hubeba, kwa ajili ya wanyama wakali, bastola za chemba sita, zile ambazo kila risasi lazima kwanza uvute nyundo kwa kidole gumba. Risasi zake tunazijaza wenyewe, kwa kibali. Ganda lililotumika linasafishwa, linatiwa fataki mpya, kisha baruti iliyopimwa kwenye mizani, kisha kichwa. Baruti ina kikomo. Ukikivuka, bastola inaweza kupasuka mkononi mwa aliyeishika.

Chini ya Bi. Warda karakana ilikuwa na sheria zake. Simu zote huachwa mlangoni ndani ya hotpoti. Anayepima hasalimiwi, na akisalimiwa haitikii mpaka amalize. Meneja wetu wa kwanza aliwahi kubisha hodi mara nne akadhani amenuniwa. Na aliyejaza ndiye anayefyatua ya kwanza, mbele ya wote. Hakuna mtihani niliowahi kuuogopa kama huo.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana bila hiyo wasifu huu hautakuwa wa kweli. Mwaka 2019 zilikuja bastola mpya nne, chuma kinene, imara. Kitabu kilichokuja nazo kilikuwa na safu mbili za vipimo: moja ya bastola za zamani, nyingine, ya juu zaidi, ya hizi mpya. Bi. Warda alikuwa kwao msibani siku tatu. Mimi, msomi, nikajaza risasi hamsini kwa kipimo cha juu. Nikafyatua ya kwanza kwa bastola mpya, ikaenda salama, nikajipongeza. Zilizobaki nikazitia kwenye boksi la kila siku, nikaliweka kwenye rafu ileile.

Nilichosahau ni kwamba bastola ya Mzee Mohamedhussein, kuukuu kuliko mimi, ilikuwa bado kazini, na inakula risasi za saizi ileile. Asubuhi iliyofuata mwongozaji Ukasha aliichukua hiyo, akachukua na boksi langu, akaenda Nyamisati kupanda boti ya kambini.

Bi. Warda alirudi saa tatu, akakuta mizani haiko alipoiacha. Hakunigombeza. Aliuliza tu nimepima kiasi gani na boksi liko wapi, akaona bastola ya Mzee haipo, akatoka mbio. Ilikuwa Ramadhani, barabara matope matupu, simu ya Ukasha haipatikani. Alipanda pikipiki mpaka Nyamisati, akaikuta boti imeshang'oa nanga. Aliingia majini na kanga yake hadi kiunoni, mkono juu, akiita, "Ukasha mwanangu, rudi! Usiishike hiyo!" Ukasha alirudi. Risasi sita zilikuwa tayari ndani ya chemba. Ndala moja ya Bi. Warda iko kwenye matope ya Nyamisati mpaka leo.

Mimi nilizing'oa vichwa zote, moja moja, kwa siku mbili. Kwenye kikao nilijiandaa kufukuzwa. Bi. Warda akasimama akasema kosa ni lake, kwa kuwa boksi halikuwa na alama. Tangu siku hiyo kila risasi yetu ina tone la rangi ya kucha kwenye kitako, nyekundu, ya dukani, aliyokuwa akiinunua mwenyewe. Bastola ya Mzee ikatolewa moyo wake isifyatue tena, ikafungiwa kabatini. Hata hivyo yeye aliendelea kujaza kana kwamba bado ipo kiunoni kwa mtu. Waongozaji walilalamika kuwa risasi zake ni za wagonjwa. Katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyepoteza kidole.

Wiki iliyopita mkurugenzi wetu, Bwana Asif, mwana wa Mzee, aliniuliza kwa upole: kwa kuwa bastola ya baba iko kabatini, hatuwezi kupandisha kipimo kidogo? Nilisema nitafikiria. Nikaenda karakana kuitazama ile kadi ya Bi. Warda yenye kikomo, iliyobandikwa juu ya mizani miaka yote. Nikakuta ukuta mtupu.

Nilimfuata nikihema. Alikuwa anafunga vitu vyake. Akanipa kadi nyeupe na kalamu, akasema, "Ile ilikuwa yangu, Huseni. Ukiacha kikomo changu ukutani, siku wakikubana utawaambia ni cha bibi mmoja wa Umwe. Andika chako, utie saini."

Kalamu ilikaa mkononi siku mbili. Jana nimeandika. Bwana Asif ameisoma, ametikisa kichwa, amecheka, amenirudishia.

Bi. Warda, Tandala Mto yote inakushukuru, na vidole vyetu kumi kumi vinakushukuru zaidi. Mpunga wa Umwe ukukubali, na miguu ipumzike, na ndala zote mbili. Jumatatu saa tatu nafyatua ya kwanza. Kadi iko ukutani: mwandiko ni mbaya, saini ni yangu, namba ni ileile.

Huseni Abdulrazaq
Karakana ya silaha