Pete Iliyobaki Kwenye Beseni

Opereta: Kyela, sema sasa. Mbeya yuko kwenye waya. Dakika tatu.

Lazaro: Haloo, gereji hapa. Nani mwenzangu?

Tulinagwe: ...

Lazaro: Haloo! Sema, waya unakula muda!

Tulinagwe: Ni mimi.

Lazaro: Mimi nani? Mimi wako wengi Tanganyika hii.

Tulinagwe: Mama Maria.

Lazaro: Tulinagwe? Wewe? Umeshika simu wewe? [anacheka] Ngoja nikae chini kwanza. Mke wangu anayeongea na ukuta—

Tulinagwe: Ugonile, baba Maria.

Lazaro: Ndaga, ugonile. Mtoto mzima?

Tulinagwe: Mzima. Nimemwacha shambani kwa Yunis. Niko Kyela, kwenye stoo ya mpunga. Karani Zebedayo ndiye amenizungushia simu.

Lazaro: Umetoka Ngana mpaka hapo kwa miguu?

Tulinagwe: Nimekimbia.

Lazaro: Kuna nini?

Tulinagwe: Nataka kukuuliza kitu cha lori. [mkwaruzo kwenye waya] Ile filta ya oili. Kopo lile la chuma, lenye kitambaa ndani—

Lazaro: Umekimbia kutoka Ngana kuniuliza filta?

Tulinagwe: Juu ya kopo, pale linapokutana na injini, kuna pete ya mpira. Si ndiyo?

Lazaro: Ndiyo. Nilikuonyesha mwenyewe, ukanishikia taa.

Tulinagwe: Ikisahauliwa?

Lazaro: Ikisahauliwa oili inatoka. Ukikaza sana itatoka kidogo kidogo, lakini itatoka tu. Inakwisha yote, haibaki hata tone, halafu injini inaungua, inakwama, basi. Hiyo ni ya kutupa. Kwa nini? Nani kagusa lori langu?

Tulinagwe: Baba yako amebadilisha oili leo asubuhi.

Lazaro: Baba? Nani kamtuma?

Tulinagwe: Alisema imekuwa nyeusi kama lami, na wewe unachelewa kurudi. Alisema aliendesha malori vitani, oili haiwezi kumshinda.

Lazaro: Vitani aliendesha! Mafundi walikuwa watu wengine! Yeye alikuwa akipiga honi tu—

Tulinagwe: Usimseme hivyo.

Lazaro: Haya, haya. Namsema baba yangu, siyo wako.

Tulinagwe: Alijitahidi. Alitandika magunia chini ya mgomba, akawasha injini kwanza oili ipate moto, kama unavyofanya wewe. Akafungua nati ya chini, ikamwagika yote ndani ya chungu cha Wakisi, kile kikubwa.

Lazaro: Cha mama? Mama hakumpiga?

Tulinagwe: Mama alikuwa ndani kwa Rut.

Lazaro: Dada Rut amekuja? Si yuko kwa mume wake?

Tulinagwe: Alikuja kwenu kujifungua. Uchungu umeanza jana.

Lazaro: Jana saa ngapi?

Tulinagwe: Jana jua likizama. Asubuhi bibi Angetile akamshika tumbo, akasema mtoto amekingama tumboni, hatoki, apelekwe hospitali Tukuyu. Lakini oili ilikuwa imeshamwagwa. Filta iko chini, imefunguka vipande vipande.

Lazaro: Eh.

Tulinagwe: Kwa hiyo akaharakisha. Akaosha vile vitu kwenye beseni la mafuta ya taa, akavifunga, akatia oili mpya. Beseni akaliweka pale kwenye kona ya jiko, tunapoachiana vitu. Akaondoka pale. Nami nikatoka, nikalichukua nikalimwage.

Lazaro: Mama Maria.

Tulinagwe: Mafuta yalikuwa meusi, huoni chini. Nilipomwaga—

Lazaro: Usiniambie.

Tulinagwe: Ninayo hapa mkononi.

[mkwaruzo]

Lazaro: Lori liko wapi?

Tulinagwe: Limeondoka.

Lazaro: Na Rut ndani?

Tulinagwe: Rut, na mama, na bibi Angetile. Wamemlaza kwenye mikeka.

Lazaro: Ulipoiona hiyo pete, lilikuwa limeshaondoka?

Tulinagwe: Saa ile ya oili, pale mbele ya dereva, si itamwonyesha?

Lazaro: Imekufa tangu masika. Nakuuliza kitu. Lilikuwa limeshaondoka?

Tulinagwe: ...Siwasikii vizuri.

Lazaro: Tuko wawili tu kwenye waya huu, unamsikia nani mwingine? Lilikuwa limeondoka?

Tulinagwe: Alikuwa anazungusha hendeli.

Lazaro: Baba?

Tulinagwe: Injini ilikataa mara mbili. Mimi niko nyuma ya jiko. Kama kutoka mlangoni kwenu hadi kisimani, basi.

Lazaro: Hatua kumi.

Tulinagwe: Kumi na moja.

Lazaro: Ungepiga kelele!

Tulinagwe: Sauti yangu aisikie?

Lazaro: Siku kama hii—

Tulinagwe: Tangu nimeolewa sijamwona uso. Akipita nakwenda migombani. Akikohoa njiani nageuka. Mama yako mwenyewe ndiye alinifundisha, mkwe na baba mkwe hawaonani. Kumbe kuna siku nyingine na siku nyingine?

Lazaro: Ungemwita mama, basi.

Tulinagwe: Mama alikuwa juu ya lori, amemshika Rut kichwa. Na Rut alikuwa analia. Kumwita ni kupiga ukelele baba yako naye asikie. Nikasema moyoni, binti yake yuko na mimba ile, mtoto amekaa vibaya, halafu mimi mkwe nitoke nimvunjie heshima mbele yake? Likitokea la kutokea kule hospitali, nani atasema si mimi?

Lazaro: Kwa hiyo ukakaa tu?

Tulinagwe: Nilitoka hatua tatu. Nimejifunika kanga kichwani, mkono nimeunyoosha hivi, na pete. Nikadhani mama atageuka. Injini ikawaka. Baba yako akapanda.

Lazaro: Mungu wangu.

Tulinagwe: Baba Maria, usininyamazie. Wewe ndiye fundi.

Lazaro: Nifanye nini? Niko Mbeya! Lori la kuvuta magari limekwenda Tunduma na mwenye gereji. Hapa nina baiskeli.

Tulinagwe: Piga simu Tukuyu. Watume gari lishuke liwapokee.

Lazaro: Leo Jumamosi. Simu ya Tukuyu iko bomani, nao wamefunga saa sita. Sasa saa ngapi huko? Saba?

Tulinagwe: Saba imepita.

Opereta: Kyela, dakika tatu zimekwisha.

Tulinagwe: Karani amesema niongezewe mara moja.

Opereta: Mara moja. Sema.

Lazaro: Waliondoka saa ngapi?

Tulinagwe: Saa nne na kitu. Nilizunguka kwanza kutafuta mwanamume wa kumfuata kwa baiskeli. Wote wako mashambani, wanavuna. Yunis akanichukua mtoto, akaniambia kimbia kwenye simu, mume wako atajua.

Lazaro: Nitajua. [anacheka kidogo, anaacha] Saa nne. Ngoja nihesabu. Ngana hadi Kyela barabara mbaya, anakwenda pole kwa ajili ya Rut. Halafu mlima. Mlima ndio unaoua. Akifika mlimani akakanyaga mafuta—

Tulinagwe: Labda ameshafika.

Lazaro: Labda.

Tulinagwe: Wewe hukusema filta mbovu inaweza kwenda siku mbili?

Lazaro: Filta mbovu, siyo filta isiyo na mpira. Mama Maria, lilipokuwa limesimama pale uani likinguruma, ulitazama chini? Lilidondosha?

Tulinagwe: Lilidondosha. Ndipo nikajua si mawazo yangu. Na njia nzima pia. Nimekuja nafuata matone. Pale kwetu yalikuwa makubwa, kama sahani ya chai.

Lazaro: Sahani?

Tulinagwe: Halafu yakawa madogo. Kama shilingi. Karibu na Bondeni yakawa madogo kabisa, nikawa nainama kuyatafuta.

Lazaro: Halafu?

Tulinagwe: Darajani, hapa Kyela, hayapo.

Lazaro: Hayapo vipi?

Tulinagwe: Yamekoma. Nilivuka ng'ambo, nikafuata njia ya Tukuyu hata nikaona nimechoka. Vumbi kavu tu, na alama za tairi. Nikasema ndaga, asante Bwana. Nikarudi hapa stoo na moyo umetulia kidogo. Labda uchafu umeingia pale, pamejiziba penyewe. Inawezekana, eh?

[kimya]

Tulinagwe: Baba Maria?

Lazaro: Nipo.

Tulinagwe: Inawezekana?

Lazaro: Karani yuko karibu?

Tulinagwe: Yuko nje kwenye mizani, na wapagazi wa magunia.

Lazaro: Wapagazi wangapi?

Tulinagwe: Sijui. Wengi. Kwa nini?

Lazaro: Mwambie akupe wanaume wanne. Wenye nguvu. Na machela. Kama hana machela, wakate miti miwili wafunge blanketi. Mpande njia ya Tukuyu, sasa hivi.

Tulinagwe: Machela ya nini? Si wana lori?

Lazaro: Fanya ninavyokuambia.

Tulinagwe: Hao wanaume sitawajua, nitawaambia nini—

Lazaro: Utasema! Leo utasema! [anashusha sauti] Chukua maji pia. Rut atakuwa juani.

Tulinagwe: Atakuwaje juani? Yuko kwenye mikeka, na mama amemfunika. Na baba yako je, nikimkuta kasimama njiani?

Lazaro: Mwambie... Eh. Huyo mwache. Mtazame Rut tu.

Tulinagwe: Unasema kama umewaona.

Lazaro: Nakuja. Nachukua baiskeli, nashuka sasa hivi, hata usiku unikute njiani, nitakutana nanyi—

Tulinagwe: Maili zote hizo?

Lazaro: Nitakaa hapa nifanye nini?

Opereta: Mbeya, Kyela, muda.

Lazaro: Bwana wa simu, usikate, nakuomba, kuna mtu—

Tulinagwe: Baba Maria, kwanza sema pamejiziba.

Lazaro: Tulinagwe—

Tulinagwe: Sema tu. Hata kama—

[waya unalia, unanyamaza]

Tulinagwe: Haloo? Baba Maria?

Opereta: Simu imeshakatika, mama. Weka simu chini.

Tulinagwe: Alisema wangapi? Wanaume wangapi?

Opereta: Wanne, mama. Na machela, na maji. Kimbia.